Kuisoma Bahari ya Kale Kupitia Mikeka ya Bakteria: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Uwandani

Yeyote aliyewahi kukata njia nyuma ya mikoko wakati maji yamekupwa anaujua ule utelezi wa kijani unaomwangusha mtu asipoangalia. Wafanyakazi wa majaruba ya chumvi wanaujua zaidi: unatanda sakafuni mwa jaruba, unakauka, unabanduka kama ngozi, na mvua ikija unafufuka. Huo ni mkeka wa bakteria. Viumbe wasiohesabika wameshikamana kwa ute wao wenyewe, wakajifuma pamoja na chembe za mchanga mpaka wakawa kitu kimoja unachoweza kukiinua kwa ncha ya kisu.

Mikeka ya namna hii imekuwapo duniani kwa muda mrefu ajabu. Katika eneo la Pilbara, Australia Magharibi, kuna alama zake ndani ya miamba ya Dresser yenye umri wa takriban miaka bilioni 3.48. Haikuwa na mfupa wala gamba la kuacha nyuma, lakini ilibadili namna mchanga ulivyolala, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyogeuka jiwe.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu, au mpenda mawe anayetaka kufika mbele ya mwamba na kujiuliza: hapa palikuwa na mkeka? Kama ulikuwapo, bahari yenyewe ilikuwaje? Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili: mkeka hukua maji yanapotulia. Kila mkeka ndani ya mwamba ni alama ya kipindi cha utulivu kati ya vipindi viwili vya maji kwenda kasi. Kwa hiyo hausomwi peke yake. Unausoma pamoja na mchanga ulioutangulia, mchanga ulionaswa ndani yake, na mchanga uliokuja kuuzika.

Hatua ya 1: Anza na mkeka ulio hai

Usiende mlimani kabla hujaenda pwani. Chagua siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, kisha nenda sehemu ya juu ya ufuo, ile ambayo bahari huifikia wakati wa bamvua na kuiacha kavu siku za maji mafu. Tafuta mahali ambapo konokono na kaa ni wachache, kwa sababu hao ndio walaji na wachimbaji wa mkeka. Jaruba la chumvi lililopumzishwa linafaa sana, iwe ni Bagamoyo, Tanga, Lindi au Gongoni. Omba ruhusa kwa mwenyewe.

Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kina cha sentimita 3 hivi. Safisha upande mmoja kwa kisu kikali, kisha utazame kwa lenzi. Juu kabisa utakuta chembe za mchanga zilizonata. Chini yake, kwa unene wa milimita moja au mbili, kuna rangi ya kijani inayoelekea buluu: hao ni sainobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Vuta pole pole utaona nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimepishana kama chane za ukili. Chini ya kijani mara nyingi hufuata mstari wa waridi au zambarau, bakteria wa salfa wanaotumia mwanga uliowaponyoka wale wa juu. Halafu weusi, na harufu ya yai viza. Weusi huo ni chuma kilichoungana na salfaidi, na harufu ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi inayotolewa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari.

Usiondoke bado. Mwaga maji ya dumu juu ya mchanga mtupu, kisha mwaga kiasi kilekile juu ya mkeka. Mchanga mtupu utachimbika mara moja, mkeka utasimama. Kunja kipande cha mkeka: kinakunjika kama kitambaa kilicholowa, pamoja na mchanga wake. Bonyeza mahali palipovimba, na huenda ukaona mapovu yakitoka. Piga picha kila kitu, hasa kingo zilizojikunja, nyufa, na uvimbe. Picha hizo ndizo kamusi yako utakapofika kwenye mwamba.

Hatua ya 2: Fahamu mkeka unaufanyia nini mchanga

Kazi zake ni nne, na kila alama utakayoikuta kwenye jiwe imetokana na moja au mbili kati ya hizo. Mkeka hunasa: chembe zinazopita na maji hunata kwenye ute. Hushikilia: nyuzi huzifunga chembe ili zisichukuliwe tena. Huziba: gesi inayozalishwa chini haipati pa kutokea, hivyo hukusanyika na kuinua mkeka. Na hugandisha: sainobakteria wanapoondoa kaboni dioksaidi majini, chokaa iliyoyeyuka huanza kuganda ndani na juu ya mkeka.

Pale chokaa inapoganda kwa wingi, mkeka hukua tabaka juu ya tabaka mpaka kupata vichuguu na nguzo za mawe. Hizo ni stromatoliti, jina lililotolewa na mwanajiolojia Ernst Kalkowsky mwaka 1908 alipochunguza mawe ya kandokando ya milima ya Harz, Ujerumani. Pale mchanga ulipo wa kwatzi tupu, yale madini magumu yanayopitisha mwanga kama kioo, na chokaa ni haba, nguzo hazipatikani. Kinachobaki ni makunyanzi, nyufa, mashimo na vipande vilivyojiviringisha kwenye uso wa jiwe la mchanga. Kundi hili la pili lilipuuzwa kwa miaka mingi. Mwanajiolojia Nora Noffke ni mmoja wa waliolifanyia kazi kubwa tangu miaka ya 1990, akilinganisha fuo za leo, kama kisiwa cha Mellum huko Bahari ya Kaskazini, na miamba ya kale.

Hatua ya 3: Vifaa na ruhusa

Lenzi ya kukuza mara 10, dira yenye kipimo cha mwinamo, utepe wa kupimia, kamera na rula ya kuweka ndani ya picha, chupa ndogo ya asidi hafifu ya haidrokloriki, brashi laini, maji ya kunyunyiza, daftari. Nyundo chukua, ila iwe ya mwisho kutoka kwenye mkoba. Uso wa mwamba wenye makunyanzi ukishavunjwa haurudi, na mara nyingi picha iliyopigwa vizuri inatosha.

Ruhusa ni jambo la lazima. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia, kama Shark Bay ya Australia au milima ya Makhonjwa huko Barberton, Afrika Kusini, usiguse jiwe bila kibali.

Hatua ya 4: Panga saa yako na mwanga

Makunyanzi ya mkeka huwa na kina cha milimita chache tu. Jua likiwa utosini huyaoni. Fika asubuhi na mapema au alasiri jua linapolala, simama upande ambao mwanga unakuja kukabili uso wako, na uso wa mwamba utaamka. Siku ya mawingu, tumia tochi kali uilaze karibu sambamba na jiwe. Nimewahi kuupita uso mmoja mara tatu saa sita mchana, nikaukuta saa kumi na moja jioni umejaa vivuli vidogo vidogo kama ngozi ya goti la tembo.

Kabla ya kuinama, tembea mwamba wote kuanzia tabaka za chini kwenda za juu. Chora safu ya tabaka: unene, ukubwa wa chembe, rangi, mwelekeo wa mchanga ulivyolala. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaona uso mzuri, wanapiga picha 50, wanaondoka bila kuandika kilichokuwa nusu mita chini yake.

Mchanga wa kuutilia maanani zaidi ni mchanga laini, safi, wa kwatzi. Chembe hizo hupitisha mwanga, kwa hiyo bakteria waliofunikwa na vumbi jembamba la mchanga bado hupata jua na kupanda tena juu. Kokoto huashiria maji makali mno. Matope mazito huzima mwanga.

Hatua ya 5: Soma uso wa jiwe la mchanga

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo usiwe na haraka.

Makunyanzi. Tafuta vituta vidogo, kimoja na kingine vikiachana kwa milimita kadhaa hadi sentimita moja au zaidi. Aina iitwayo Kinneyia ina vituta vyenye vichwa bapa na kingo zilizosimama, vikitenganishwa na vishimo. Aina nyingine ni mtandao usio na mpangilio, ndio unaofananishwa na ngozi ya tembo. Swali la kujiuliza: makunyanzi yanapita juu ya viwimbi vya mchanga vilivyo chini yake? Kama ndiyo, kuna kitu kilichovitandika viwimbi hivyo baada ya maji kutulia. Mchanga mtupu hauwezi kujitandika shuka.

Viwimbi vya mabaka. Ufukweni leo utaona mahali ambapo dhoruba imechana mkeka. Ndani ya tundu lililochanwa, mchanga uko huru na mawimbi yanauchora viwimbi. Pembeni, mkeka umebaki bapa, umeinuka sentimita chache. Dhoruba nyingine inakuja kutoka upande tofauti na kuchana tundu jingine. Matokeo yake ni uso mmoja wenye mabaka ya viwimbi vinavyoelekea pande mbalimbali. Ukiuona kwenye jiwe, umeona zaidi ya mkeka: umeona dhoruba kadhaa na siku tulivu zilizokuwa katikati yake. Pima mwelekeo wa viwimbi vya kila baka.

Vipande vilivyong'oka. Mkondo ukiushinda mkeka, unaurarua vipande. Tafuta mabamba ya mchanga yenye kingo laini, yaliyopinda, mengine yamejiviringisha kama jamvi lililofungwa. Kipande cha mchanga kisichokuwa bado jiwe kingewezaje kusafiri bila kusambaratika? Kulikuwa na uzi na gundi ndani yake. Kwangu mimi huu ni ushahidi wenye nguvu kuliko makunyanzi, kwa sababu vitu vinavyoweza kuuiga ni vichache.

Nyufa ndani ya mchanga. Matope hupasuka yakikauka. Mchanga safi haupasuki. Ukikuta nyufa kwenye jiwe la mchanga lisilo na tope, zilizochongoka ncha na kupinda, fikiria mkeka uliosinyaa juani. Nyufa zilizokamilika kuwa maumbo ya pembe nyingi, zenye kingo zilizojikunja juu, zinasema kwamba mahali hapo palikaa nje ya maji kwa muda wa kutosha kukauka.

Uvimbe wa gesi. Ni vilima vya mviringo, vya sentimita chache au zaidi, vingine vimepasuka kileleni. Vinaonyesha kwamba mkeka ulikuwa umeziba kabisa na chini yake palikuwa na uozo.

Hatua ya 6: Geukia upande, utazame ubavu wa jiwe

Lowesha ubavu wa jiwe kwa maji. Tafuta mistari myembamba myeusi au ya kahawia iliyojikunjakunja, ikipishana na mchanga mweupe. Mstari wa tope la kawaida umelala sawa na unajaza mabonde. Mstari wa mkeka hupanda mlimani: unafunika kilele na bonde kwa pamoja, na mara nyingine ni mnene zaidi kileleni, kwa sababu bakteria walijisogeza kufuata mwanga.

Ukipata kibali cha kuchukua kipande kidogo, peleka maabara kikasagwe kiwe chembamba cha maikromita 30, kiangaliwe kwa hadubini. Utakachotafuta ni chembe za kwatzi zinazoelea ndani ya mstari mweusi bila kugusana, zimelala kwa ubavu wake mrefu, kwa sababu mkeka ulizinyanyua ulipokuwa ukikua. Madini mazito na vipande vya ulanga vilivyokusanyika ndani ya mstari huo ni dalili ya kunasa. Nyuzi zenyewe huonekana mara chache. Gumegume ikiwahi kujaza mkeka kabla haujaoza, basi umebahatika.

Hatua ya 7: Ukiwa kwenye mawe ya chokaa

Weka tone la asidi. Chokaa itatoa povu kwa nguvu. Dolomaiti, jamaa ya chokaa yenye magnesiamu, itatoa kidogo mpaka uikwangue. Kisha angalia umbo.

Stromatoliti ina tabaka nyembamba zilizopinda kwenda juu. Thromboliti ni jamaa yake ambaye ndani hana tabaka, ana mabonge. Huko Oman, thromboliti za kundi la miamba liitwalo Ara, za mwisho wa kipindi cha Ediakara, kabla tu ya wanyama kuenea baharini, zimezikwa ndani ya chumvi mawe chini ya ardhi na zinahifadhi mafuta. Pamoja nazo kuna Cloudina na Namacalathus, miongoni mwa wanyama wa kwanza waliojijengea magamba. Chumvi juu, thromboliti katikati, chumvi tena chini: mpangilio huo peke yake unasimulia bahari iliyokuwa ikizibwa na kukauka, kisha ikafunguliwa tena.

Kuna vipimo viwili ambavyo watu huvikosea. Cha kwanza ni urefu. Usipime nguzo yote ukasema bahari ilikuwa na kina hicho. Fuata tabaka moja tu kutoka kileleni hadi kwenye bonde lililo pembeni. Tofauti hiyo ndiyo iliyosimama juu ya sakafu ya bahari kwa wakati mmoja. Nguzo ya mita mbili huenda wakati wote ilikuwa imechomoza sentimita 10.

Cha pili ni mwelekeo. Ghuba ya Hamelin Pool, Shark Bay, ina stromatoliti hai zilizorefuka kufuata njia ya mawimbi, yaani zinaelekeza vichwa ufukweni. Pima kwa dira nguzo 20 au zaidi kwenye uso mmoja. Kama zote zimerefuka upande mmoja, umepata njia ya mawimbi au mkondo. Kagua pia kilichojaza nafasi kati ya nguzo: mchanga mkubwa na vipande vilivyovunjika ni maji yenye nguvu, tope laini ni maji yaliyotulia.

Tahadhari moja kuhusu Shark Bay. Maji yake yana chumvi takriban mara mbili ya bahari ya kawaida, na kwa muda mrefu watu walichukulia kwamba kila stromatoliti ya kale ilikua kwenye maji ya namna hiyo na kina kifupi. Halafu mwaka 1986 zilielezwa stromatoliti kubwa, zinazozidi mita mbili, katika njia za mikondo karibu na visiwa vya Exuma, Bahama, kwenye maji ya chumvi ya kawaida. Mfano mmoja wa leo hautoshi kufungua kila mlango wa zamani.

Hatua ya 8: Jaribu kujikanusha

Kabla hujaandika neno "mkeka" kwenye daftari, jitahidi kwa nguvu zako zote kulikataa.

Je, makunyanzi yanapita kutoka tabaka hadi tabaka kwa mwelekeo uleule? Basi huenda ni mkunjo wa mwamba uliobanwa mamilioni ya miaka baadaye. Kosa hili nililifanya mwenyewe. Nilijaza daftari kwa furaha siku nzima, kesho yake nikapima mwelekeo na kukuta mistari yote inalingana na mipasuko ya mwamba, juu, chini na hata ndani ya tabaka za tope. Nilifuta kurasa zote. Tangu siku hiyo, dira inatoka mkobani kabla ya kamera.

Je, ni upepo uliotembeza mchanga juu ya uso uliolowa? Ni matone ya mvua? Ni uzito wa mchanga uliozama kwenye tope laini? Kwenye chokaa, je, si ganda la chokaa la udongo wa nchi kavu, au masalia ya chemchemi ya maji moto? Yote hayo hutoa tabaka nyembamba zilizopinda.

Mfano wa Isua, Greenland, unafundisha. Mwaka 2016 Allen Nutman na wenzake walitangaza stromatoliti za miaka bilioni 3.7. Mwaka 2018 Abigail Allwood na wenzake walizichunguza kwa kuzitazama kutoka pande zote, wakasema maumbo hayo ni matokeo ya mwamba kubanwa na kupindishwa. Allwood huyohuyo ndiye aliyeongoza utafiti wa mwaka 2006 kuhusu stromatoliti za Strelley Pool, Pilbara, zenye miaka bilioni 3.43, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kuna maumbo kadhaa tofauti, kila moja likijirudia mahali pake kulingana na mazingira ya ufuo ule. Umbo moja zuri linaweza kudanganya. Mpangilio wa maumbo unaobadilika pamoja na mazingira ni vigumu kuuiga.

Hatua ya 9: Uliza umri wa mwamba kwanza, kisha mazingira

Kanuni hii inabadilisha maana ya kila ulichokiona. Kabla ya wanyama kuanza kula na kuchimba sakafu ya bahari, takriban miaka milioni 540 iliyopita, mikeka ilitanda karibu kila mahali palipo na mwanga na utulivu. Ukiikuta katika mwamba wa miaka bilioni moja, kama zile stromatoliti za mawe ya chokaa ya Mbuji-Mayi huko Kasai, Kongo, usiseme bahari ilikuwa na shida. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kawaida.

Lakini ukiikuta mikeka mingi kwenye bahari ya wazi baada ya wanyama kuenea, jiulize walaji wamekwenda wapi. Huenda chumvi ilizidi, huenda oksijeni ilipungua. Baada ya maangamizi makubwa ya miaka milioni 252 iliyopita, makunyanzi na stromatoliti vilirudi katika sehemu za bahari ambako vilikuwa vimeshakuwa nadra. Mkeka uleule, umri tofauti, habari tofauti kabisa.

Sasa tuutumie utaratibu huu kwenye mwamba mmoja wa kweli. Katika milima ya Makhonjwa, Barberton, kuna mawe ya mchanga ya kundi la Moodies, yenye miaka bilioni 3.22 hivi. Martin Homann, Christoph Heubeck na wenzao walieleza mwaka 2015 aina tatu za mikeka humo. Ipo iliyolala bapa, ipo ya mawimbi, na ipo yenye vishungi vidogo vilivyosimama.

Kwa picha tu, hizo ni mistari mitatu tofauti basi. Kwa tabaka zinazozizunguka, kila moja ina anwani. Mikeka ya mawimbi imo kati ya mchanga wenye alama za maji kujaa na kupwa: huo ni ufuo unaofunikwa na kufunuliwa kila siku. Yenye vishungi iko juu zaidi ufukweni, na ina nyufa za kukauka: huko bahari ilifika kwa nadra. Iliyolala bapa imo kwenye uwanda wa mafuriko karibu na pwani, mahali ambapo mito ilimwaga mchanga wake.

Vishungi navyo vina lao. Kwenye mikeka ya leo, vishungi hutokea nyuzi zinazotembea zinapokusanyika na kusimama wima, na hilo linataka maji yaliyotulia au unyevu mtupu, mkondo ungevilaza. Kwa hiyo, kwenye ukingo wa bahari ambayo haikuwa na samaki, konokono wala mkoko, kulikuwa na vijibwawa vilivyoachwa na maji kupwa, vikiwaka jua, na ndani yake kitu hai kikijinyanyua milimita kadhaa. Kila nikiufikiria mwamba ule nahisi nimesimama pembeni ya dimbwi lile.

Hatua ya 10: Bahari au ziwa? Kina kifupi au kirefu?

Afrika Mashariki inatulazimu kuuliza swali la kwanza, kwa sababu stromatoliti zetu nyingi ni za maziwa. Kandokando ya Magadi na Natron zimebaki stromatoliti kwenye fuo za zamani, juu kuliko maji ya leo, Turkana inazo, Tanganyika zimo ndani ya maji. Umbo halitakwambia lolote. Angalia majirani: magadi na majivu ya volkano ni dalili za ziwa la bondeni, jasi na chumvi mawe zilizotanda eneo kubwa, pamoja na visukuku vya viumbe wa baharini, ni dalili za bahari. Sabkha ya Abu Dhabi, uwanda wa chumvi ulio kando ya bahari, ni darasa zuri: mikeka iko kwenye mpaka wa maji kujaa, na ukichimba kuelekea bara unakutana na jasi ikikua ndani ya mchanga. Visukuku vikikosekana, maabara hupima madini adimu ya ardhini ndani ya chokaa, kwa kuwa maji ya bahari huacha mpangilio wake maalumu.

Swali la kina ni gumu zaidi. Mazoea ya wengi ni kuona makunyanzi na kuandika "maji mafupi yenye mwanga". Lakini wapo bakteria wasiohitaji jua, wanaojipatia nguvu kutokana na kemikali. Mikeka ya bakteria wa namna hiyo, waitwao Thioploca, imetanda leo kwenye sakafu ya bahari ya Chile na Peru, mahali penye oksijeni haba. Na kwenye milima ya Atlas, Morocco, Rowan Martindale na wenzake wameeleza makunyanzi ndani ya mchanga wa miaka milioni 180 hivi, ulioporomoka chini ya bahari hadi kina kisichofikiwa na mwanga. Kwa hiyo tazama namna mchanga ulivyopangika. Tabaka zinazoanza na chembe kubwa chini na kumalizikia tope juu, zikijirudia mara nyingi bila hata ufa mmoja wa kukauka, ni maporomoko ya kilindini. Mkeka ulioko juu ya tabaka kama hilo huenda ulijipatia nguvu kutokana na kemikali za mabaki yaliyozikwa na poromoko lenyewe yakaoza.

Kipimo cha isotopu za kaboni, yaani atomi za kaboni zinazotofautiana uzito, kinasaidia, ila kwa kiasi. Viumbe hupendelea kaboni nyepesi, hivyo mabaki yao huwa mepesi kuliko chokaa inayoyazunguka. Kipimo kinaweza kuashiria kwamba uhai ulikuwapo. Aina ya kiumbe na kina cha maji utavipata kwenye tabaka.

Unapofunga daftari siku hiyo, hakikisha kila uso uliouandika una vitu hivi: mahali na mwinamo wa tabaka, picha yenye rula, mwelekeo wa viwimbi, unene na ukubwa wa chembe za tabaka zilizo mita moja chini yake na mita moja juu yake, na orodha ya maelezo mengine uliyoyajaribu pamoja na sababu ya kuyakataa. Kama orodha hiyo ya mwisho iko tupu, kesho rudi kwenye mwamba uleule, jua likiwa bado chini.